Mzabibu wa Pale Jabalini

Zabibu sili. Wajukuu wananicheka. Wananiletea vichala kutoka Dodoma, vizuri, vimefungwa kwenye karatasi, nami nawaambia haya, kuleni wenyewe, na msizile mbele yangu. Si maradhi, wala si mwiko wa ukoo wetu. Ni kinyaa. Nikiona punje moja tu imepasuka, mate yananijaa mdomoni, na huyoo natoka nje. Watu wa siku hizi wanadhani hilo ni tunda la starehe. Wangeshika nilizozishika mimi kule Ntalikwa, karibu na Tabora, wakati Wazungu wanapigana vita vyao vya pili, wangeridhika na maji.

Chanzo kilikuwa divai ya misa. Ilikuwa ikija kwa meli kutoka Ulaya, kisha inapanda treni mpaka Tabora. Vita vilipopamba moto meli zikaadimika, na divai nayo ikaadimika. Padre wa misheni yetu alikuwa Mzungu mzee aliyezaliwa kwenye nchi ya mizabibu. Baba yake alilima mizabibu, na babu yake vilevile, na hilo alituambia kila alipopata nafasi. Akasema haiwezekani altare ikose divai na yeye yupo hai. Akaagiza vijiti vya mzabibu kwa mapadre wenzake wa Ugogo. Vikaja vimeviringishwa kwenye gunia bichi, vimesinyaa, vibaya, mtu asiyejua angevitia jikoni kuchemshia maharage.

Baba yangu ndiye alikuwa mtunza bustani wa misheni. Padre akamwuliza, "Udongo wenu ulio bora kabisa uko wapi?" Hapo ndipo lilipofanyika kosa la kwanza, na lilikuwa kosa la adabu.

Niseme kidogo juu ya nchi yetu, maana bila hivyo hutanielewa. Kwetu hakuna mlima wa kutaja. Ardhi inapanda polepole na kushuka polepole, mguu hausikii, ila maji yanajua. Kule juu kwenye miinuko ni msitu wa miombo, majabali, na kichanga chepesi ambacho wazee waliita luseni. Mvua ikinyesha inapenya inakwenda zake. Kule chini ni mbuga, udongo mweusi mzito. Masika mbuga inakuwa uji wa kunata, inakuvua kiatu na kubaki nacho. Kiangazi inapasuka nyufa za kumeza mguu wa ng'ombe. Na mvua yenyewe ni ya msimu mmoja: inaanza Novemba, inapiga mpaka Aprili, halafu inaaga kabisa, miezi sita huoni tone. Sasa Mnyamwezi ukimwuliza udongo bora, atakuonyesha ukingo wa mbuga, pale mpunga unapostawi na unyevu unapokaa. Kichanga ni cha mihogo na karanga, ni cha wanawake. Baba angempaje padre kichanga? Angeonekana mtu wa namna gani? Akavua kofia, akampeleka mbugani.

Mizabibu ilishika. Wee, ilishika! Ilitoa majani mengi hata huoni kijiti, na baba akawa anatembea kifua mbele. Walimu wa shule ya misheni walituleta kwa mistari kuja kuyatazama.

Kosa la pili lilikuwa la padre mwenyewe. Kwao, alisema, mzabibu hupogolewa wakati wa baridi, ukiwa umelala, Noeli na mwaka mpya vikishapita. Basi kila Januari alitoka na mkasi wake, kanzu ameikunja kiunoni, anapogoa. Januari! Januari kwetu hakuna kilicholala, hata mawe yanakaribia kuota. Mzabibu ukikatwa unashtuka, unachipua. Ukichipua unatoa maua. Maua yanakutana na mvua ya Februari, na punje zinavimbia kwenye mvua ya Machi. Miguu ya mzabibu imo ndani ya maji, majani yamelowa kutwa, na kule bondeni hewa imesimama, huipati hata ya kukaushia kanga. Machi ikiisha, vichala vyote vimeota ukungu.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitano, na kwa kuwa nilikuwa binti wa mtunza bustani, nikatiwa kwenye kazi ya kuchambua. Tulikuwa mabinti wachache, tunakaa chini kwenye jamvi, kila mmoja na ungo wake, tunatenga punje nzima na punje zilizooza. Punje nzima! Katika kichala kimoja ungepata tano, sita. Zilizobaki zimevaa manyoya ya kijivu, ukizigusa zinapasuka, unatoka ute wa vuguvugu unaoteremka mpaka kwenye kiwiko. Nzi wanatua midomoni. Nyigu wamelewa, wanatambaa ndani ya mikono ya gauni. Kuna funza wembamba ambao huwaoni mpaka wamekupanda kwenye kucha. Na harufu yake, Mungu wangu, ilikuwa tamu. Huo utamu ndio uliokuwa mbaya. Ilikaa kwenye nywele, ikakaa kwenye nguo. Nikirudi nyumbani nilijisugua kwa majivu na mchanga, na bado nikipeleka tonge mdomoni naisikia vidoleni. Nikaanza kula kwa upawa kama mgonjwa. Siku ya kwanza nilitapika, na sista aliyekuwa akitusimamia akaniambia nimtolee Mungu mateso yangu kwa ajili ya altare. Nikamtolea, nikatapika tena.

Na hiyo divai yenyewe? Ptu! Padre hakutupa kitu. Aliikamua, akaichuja kwa kitambaa, akaifungia kwenye pipa, na pipa likakaa chini ya bati mpaka joto la Oktoba likalimaliza. Ilitoka siki. Siku zile padre alisoma misa ametugeuzia mgongo, ameelekea altare, na divai anainywa yeye peke yake, kwa hiyo uso wake hatukuuona. Lakini mabega tuliyaona. Akiinua kikombe kanisa zima kimya, tunangoja. Akinywa, mabega yanapanda mpaka masikioni, yanakaa huko kidogo, yanashuka polepole. Wanawake wa mbele walikuwa wanafunika midomo kwa kanga, na mtumishi wa misa anatazama chini. Tuliyatazama mabega hayo misimu miwili.

Mama yangu hakucheka. Mama hakuwa mtu wa kushinda misheni. Alibatizwa, alisali Jumapili, basi. Yeye alikuwa na shamba lake.

Shamba lile lilikuwa juu ya mwinuko, nyuma ya nyumba yetu. Alipewa na bibi, mama yake baba, alipokuja kuolewa, na alipolipokea lilikuwa kichanga kitupu, cheupe, mihogo inatoka myembamba ya kutia aibu. Kila kiangazi, mavuno yakishaingia ndani na wenzake wamekaa kupumzika, mama alichukua jembe na kikapu, akaenda kwenye kichuguu kikubwa kilichokuwa ng'ambo ya njia, akachimba ule udongo mwekundu wa mchwa, akajitwisha, akapanda nao, akaumwaga, akausambaza kwa mikono. Kikapu kwa kikapu. Alianza kabla sijazaliwa. Nilipopata akili, lile shamba lilikuwa na tabaka la udongo mwekundu, kina cha kiganja kizima na kidogo zaidi, juu ya kichanga chake, na karanga zilijaa kwenye maganda mpaka waungwana wa Isevya kule mjini walikuwa wanaziulizia: "Karanga za yule mama wa Ntalikwa hazijafika bado?" Januari na Februari, ghala za watu zikiwa tupu, sisi tulikula kwa shamba lile. Misheni ilimpa baba kofia na heshima, lakini kilichotulaza tumeshiba kilitoka kwa mama.

Sasa sikia huu mzabibu ulivyoingia. Mwaka wa kwanza padre alipopogoa, baba alileta nyumbani mzigo wa vijiti vilivyokatwa, vya kuwashia moto. Mama akachomoa vichache, akavichomeka shambani vya kupandishia kunde. Kimoja alikichomeka kwenye ufa chini ya jabali, juu kabisa, mwisho wa shamba. Kikashika. Hakuna aliyekipogoa wala aliyekijali. Mvua ikilipiga jabali, maji yanateremkia ufani, na mzizi ukayafuata huko ndani. Kiangazi pale juu kuna upepo mkavu wa mashariki, unaanza Mei, unapita kutwa nzima. Na jabali likishachomwa na jua, linabaki na joto lake hata jua likishazama.

Tena kulikuwa na mbuzi. Kwetu, mavuno yakiisha, mashamba yote yanakuwa ya wote. Mifugo inafunguliwa, inakula mabua na majani, na hakuna wa kumfukuza mbuzi wa mwenzake. Basi kila mwisho wa Mei mbuzi walipanda pale jabalini, wakautafuna ule mzabibu majani yote na ncha zake zote, wakauacha vijiti vitupu. Baada ya wiki tatu hivi mabua yamekwisha, wanashushwa mbugani kwenye majani mabichi, na huko juu hawarudi mpaka mwaka mwingine. Nyuma yao mzabibu unachipua upya. Haya yote nilikuwa nayaona kila mwaka kwa macho yangu, na sikuyafikiria hata kidogo.

Mwaka wa tatu, Septemba, nchi nzima imekauka na vumbi limepanda mpaka mbinguni, nikaenda na mama kuchimba mihogo. Nikaona vichala vitatu pale kwenye jabali. Vidogo, vyeusi, vimebanana, vina vumbi tu, hakuna ukungu, hakuna nzi. Nilisita kuvigusa, kwa jinsi nilivyokuwa nimechafukwa roho na zabibu. Mama akachuma punje, akala, akatema mbegu kiganjani. Nami nikala. Ilikuwa na joto la jiwe, na utamu wake ulikuwa safi, wa kukauka mdomoni. Hiyo ndiyo mara moja tu katika maisha yangu zabibu ilinipendeza.

"Kula," mama akasema. "Shiba. Halafu unyamaze."

"Kwa nini, mama?"

"Kwa sababu nimekwambia."

Laiti ningemsikiliza! Lakini mimi nilikuwa nawaza Machi. Nilikuwa nawaza ungo, na ute, na wale funza kwenye kucha. Nikajiambia, padre akiona zabibu safi ataacha zile zake za mbugani, nasi tutaacha kushika uozo. Sikuwaza shamba. Naapa, shamba halikunipita kichwani. Kinyaa kilikuwa kimenijaa mpaka hapa kooni, hakikuacha nafasi ya kitu kingine. Siku ya pili nikachuma kichala kimoja, nikakifunga kwenye pindo la kanga, nikatelemka misheni na kiherehere changu.

"Tumsifu Yesu Kristo, padre."

"Milele, amina. Umeleta nini, binti yangu?"

Nikafungua pindo. Akatazama, asiamini. Akatia punje moja mdomoni, akafumba macho, na nilimwona mzee wa watu machozi yanamlengalenga. "Zimetoka wapi?" akaniuliza. Nami nikafunguka kama redio. Nikamwambia shambani kwa mama, juu kwenye mwinuko, penye jabali, penye upepo, padre, wala hazijaoza hata moja. Akanipa medali ndogo ya Bikira. Nilirudi nyumbani nimevimba kichwa.

Alikuja jioni ileile, baba nyuma yake na kofia mkononi. Mama alikuwa kwenye matuta. Padre akamsalimu vizuri, akazunguka shamba, akagusa jabali kwa kiganja, akanyoosha mkono kusikia upepo. Halafu akainama, akachota udongo wa mama yangu, akautia ulimini. Akautafuna! Nilimwona meno yamekuwa mekundu, tope linamkaa pembeni mwa mdomo kwenye ndevu, na anatabasamu. Sijui kwa nini kitu kile kilinichefua kuliko zabibu zote za mbugani. Nilitaka kumpangusa.

"Hapa pamefanana na kwetu," akasema. "Jiwe, mteremko, upepo, na udongo mwekundu mwembamba. Mungu mwenyewe ameutandika udongo huu."

"Udongo huo nimeuleta mimi, padre," mama akasema.

Padre akacheka kwa upole, akidhani ni maneno ya heshima tu ya mama wa shambani. Baba alijua si mzaha. Alimwona mama kila kiangazi na kikapu kichwani. Lakini baba aliangalia kofia yake, akasema, "Ndiyo, padre." Kuna siku bado nalisikia hilo "ndiyo, padre" na nataka kutema mate.

Ardhi kwetu ilikuwa mikononi mwa mwanangwa, mkuu wa kijiji. Yeye ndiye mgawaji. Misheni ikamwomba, naye hakuwa na ubavu wa kuwanyima Wazungu, hasa wakati wa vita. Kabla mvua hazijaanza ikawa imekwisha. Mama akaambiwa asiwe na wasiwasi, atapewa badala yake, na badala yenyewe ni pale mbugani, palipong'olewa mizabibu ya kwanza. "Udongo bora," baba akamwambia mama, na hakuwa anatania, masikini. Padre alikuja mwenyewe kumshukuru. Alimshika mkono kwa mikono yake miwili.

Mama hakunigombeza. Aliniangalia mara moja tu, toka miguuni mpaka usoni, halafu akaendelea kumenya mihogo. Angenipiga ningeshukuru.

Walikuja vibarua. Padre akataka shamba lichimbwe mitaro, kina cha kiuno cha mtu mzima, ndiyo desturi ya kwao, mzabibu upate pa kushusha mizizi. Basi wakachimba, na kila mtaro udongo wa juu ukatangulia kutupwa chini, na wa chini ukaja juu. Mama alikaa mlangoni na ungo wa mtama mapajani, haupeti, anatazama. Ule wekundu wote ukaingia shimoni kidogo kidogo, na kichanga cheupe kikatandazwa juu yake. Walipomaliza wakazungushia seng'enge, nyuzi nne, zimevutwa barabara, hata ndama asiingie. Medali ile niliitupa chooni, na sijawahi kumwambia mtu.

Mwaka ule mama alipanda karanga mbugani, afanyeje. Udongo unamganda kwenye jembe mpaka jembe linakuwa zito kuliko yeye. Tulipozing'oa, maganda yalikuwa meusi, laini, ukiminya inatoka maji yenye harufu ileile, ile tamu. Nilimwona mama akiminya moja, nyingine, nyingine. Halafu akapangusa vidole kwenye majani. Kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe, Januari tulikwenda kuomba muhogo kwa majirani, tukawa tunakoroga uji mwembamba, unaona kitako cha sufuria. Bibi mmoja wa Isevya, Mwislamu mzee aliyekuwa akichukua karanga za mama kila mwaka, alituma mtu kuuliza kulikoni. Mama akajibu mwaka huu hakuna, amsalimie.

Na kule juu? Ha! Mizabibu ya padre ikashika vizuri, mizizi haikukaa kwenye maji, padre akafurahi. Kisha Januari akatoka na mkasi wake. Mvua ni mvua, iwe bondeni au juu. Februari ikayapiga maua, Machi ikazijaza punje maji zikapasuka, na ukungu ukaja. Nami nikaitwa tena, na ungo wangu. Nikakaa kwenye jamvi, juu ya shamba la mama, manyoya ya kijivu vidoleni, ute kwenye viwiko, nyigu kwenye mikono ya gauni. Nilikuwa nimelitoa shamba la mama ili nisishike uozo, na uozo ukapanda mwinuko kunifuata. Nilijichukia mpaka nikawa siwezi kujitazama mikono.

Hata ule mzabibu wa pale jabalini, ambao sasa ulikuwa ndani ya seng'enge, padre aliupogoa Januari kama wenzake, na ukaoza kama wenzake. Hapo ndipo akili ilipofunguka. Jabali lilikuwa palepale, na upepo, na ufa wake. Nikainua macho. Nje ya seng'enge walikuwa wamesimama mbuzi, Mei imefika, wamenyoosha shingo wanaangalia majani wasiyoweza kuyafikia. Nikacheka peke yangu kama mwehu, halafu nikalia. Wale mbuzi walijua majira ya nchi yetu kuliko padre na baba yake na babu yake. Mvua ikishaaga ndipo walipoukata mzabibu, na matunda yake yakakuta ukavu mtupu mpaka yanaiva.

Padre naye alikuwa anatafuta. Siku moja alinisimamisha pale penye jabali, ana kichala kilichooza mkononi, amezeeka ghafla. "Binti yangu," akasema, "mama yako aliufanya nini mzabibu huu?"

Neno lilikuwa hapa, ncha ya ulimi. Ningelisema, angepogoa mwezi Juni na divai yake ingetoka tamu, na mama asingelikanyaga tena shamba lake mpaka anakufa. Nikamwangalia machoni. "Sijui, padre," nikasema. Uongo huo sijauungama mpaka leo. Siku zile ningeuungama kwa nani, kwa yeye mwenyewe?

Misimu miwili aliozesha zabibu pale juu. Vita vikaisha, meli zikarudi, na siku moja yakashushwa makasha ya divai stesheni. Jumapili ile mabega ya padre hayakupanda. Muda si mrefu akarudishwa kwao, mgonjwa, na aliyekuja baada yake hakuwa na habari na mizabibu. Waliing'oa wakaichoma. Seng'enge waliiviringisha wakaenda nayo. Ule wa jabalini tu ulibaki, kwa kuwa mzizi ulikuwa umekwenda mbali ndani ya ufa na haukung'oleka. Baba akaja kumwambia mama, kwa sauti ndogo, kwamba shamba limerudi.

Mama akapanda na jembe lake. Nilimfuata. Akapiga jembe mara moja, likatoka na kichanga, cheupe, kilekile alichopewa alipokuwa bibi harusi. Akainama, akakichota, akakiachia kipite kati ya vidole. Akachimba pale mpaka magotini, kichanga. Ule wekundu ulikuwa bado uko kule chini ambako mzizi wa karanga haufiki. Nywele zake zilikuwa zimeingia mvi, na goti moja lilikuwa linamsumbua. Nilingoja aseme neno. Alisema kikapu chake kimetoboka, inabidi asuke kingine.

Tukaanza upya kiangazi kile, mimi na yeye. Yeye anachimba kwenye kichuguu, mimi nabeba, nikichoka tunabadilishana. Mei mbuzi walifunguliwa wakapanda jabalini, wakala wakashiba, wakashuka. Mpaka Septemba tulikuwa tumefunika kipande cha kama uwanja wa nyumba, chembamba, mvua moja kubwa ingekichukua. Siku hiyo nilimwaga kikapu changu, nikaenda kukaa kivulini pa jabali nipumzike. Nikainua macho, na vile vichala vilikuwa hapo. Vyeusi, vikavu, vina vumbi, safi.

Damu ilinipanda. Harufu ile ikanijia puani, ingawa haikuwepo, na mate yakanijaa mdomoni. Nikachukua panga tulilokuwa tunakatia mizizi kule kichuguuni, nikaushika mzabibu shingoni, nikainua mkono niukate usiote tena.

"Uache," mama akasema. Alikuwa nyuma yangu, kikapu kichwani. Miaka yote ile hakuwa amelitaja jambo lile hata mara moja. "Huo haukumwambia mtu."

Nikaweka panga chini. Mama akanipita, akaenda kumwaga udongo wake.